Leo Nimeivua Kompyuta Yangu Gauni

Jumamosi, Pasiansi. Alfajiri mvua imeosha mawe yote ya mtaa wetu, kisha jua likatoka kali na kuyakausha kabla hata hatujanywa chai. Niliamka na hasira. Sasa hivi ninapoandika ni jioni na hasira bado ninayo, ila si ile ya asubuhi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi nachora ramani za nyumba. Nachorea nyumbani, kwenye meza ya pembeni sebuleni, kwa kompyuta niliyoinunua baada ya kuacha kazi kwa mtu ambaye humu namwita Injinia. Kwa Injinia nilikuwa nachora mimi, anasifiwa yeye. Mteja akifika, mimi naambiwa nikalete chai. Siku niliyoaga alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Utarudi tu, Mama Kulwa. Mlango uko wazi."

Wiki hii kidogo nirudi.

Sina sababu ya kujidanganya kwenye shajara yangu mwenyewe. Tangu Jumatatu kompyuta inazima yenyewe. Unachora ukuta, unaweka dirisha, feni inaanza kupiga kelele kama mashine ya kusaga, halafu kimya. Kioo cheusi, na sura yako humo ndani umeachama mdomo. Nina ramani ya mwalimu mmoja anayejenga ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi. Mafundi wake wanachimba msingi wiki ijayo, na Jumatatu anaifuata ramani yake. Ni mteja wangu wa kwanza aliyenitafuta mimi, si Injinia. Nikimwangusha huyu, nani mwingine atakuja? Alhamisi nilikaa kwenye kochi nikajiuliza kama kwa Injinia kulikuwa kubaya kiasi hicho. Kulikuwa na mshahara. Kulikuwa na kompyuta isiyozima.

Ndiyo, niliwaza hivyo. Yameshapita.

Mume wangu, Baba Kulwa, alisema niipeleke gereji pale barabarani, kwa wale wanaojaza matairi upepo, waipulize. Wengi hapa mjini ndivyo wanavyofanya. Nimeona kwa macho yangu kompyuta ya mtu imepakatwa kwenye pikipiki, inapelekwa kupulizwa foleni moja na matairi ya lori. Nikakataa. Upepo ule una nguvu ya kung'oa vitu, na tangi lake lina maji na mafuta ndani. Ukiachia mpira wake hewani unatema majimaji. Mimi nikaimwagie majimaji ya gereji kompyuta inayonilisha? Aka! Baba Kulwa akasema, "Haya, bingwa," akaendelea kula ugali wake.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Baba Kulwa ni mtu wa kubisha. Akikubali upesi hivyo, kuna jambo.

Jana nikaenda mjini, nikazunguka maduka ya kompyuta mpaka nikapata kopo la hewa. Ni kopo tu kama la dawa ya mbu, lina kimrija chembamba cha kupachika mdomoni. Muuzaji alitaka kunionyesha namna ya kulitumia kwa kulitikisa. Nikamwambia kaka, tulia, acha nisome kwanza. Nilisoma maandishi yote pale pale dukani, watu wakinipita. Lisitikiswe. Lisishikwe kichwa chini. Lisiachwe juani. Na pembeni wamechora mwali wa moto, maana yake hewa ile usiipulize karibu na moto. Maonyo yote hayo kwa ajili ya kupuliza vumbi! Lakini niliyashika.

Sasa nije kwenye kilichonisumbua zaidi ya vumbi.

Mama mkwe wangu tunaishi naye tangu goti lilipoanza kumsumbua. Mama wa watu, mchapakazi, na hakuna anayemfikia kwa kufuma. Kila kitu cha maana ndani ya nyumba yetu amekivika: televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji, makochi, mpaka jagi la maji lina kofia yenye shanga. Kompyuta ilipoingia aliizunguka, akalipima boksi lake kwa shubiri, na baada ya siku chache ikawa na gauni. Jeupe, maua ya bluu, marinda chini. Nyuma akalifunga kwa utepe, na fundo la utepe likakaa pale pale feni inapotolea joto.

Mnaotoka huku mtanielewa kwa nini sikusema. Mkwe ni mkwe. Huwezi kumkazia macho ukamwambia kazi ya mikono yake haifai, labda uwe umechoka na ndoa. Kwa hiyo mimi nikikaa kuchora nalivua, nikitoka kwenda sokoni yeye analirudisha, na mara nyingine nakuta mashine inaunguruma ndani ya gauni huku imepata moto. Tumeucheza mchezo huo muda mrefu, kila mmoja anajifanya hamnazo.

Leo nimelivua mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaipeleka wapi hiyo?"

"Nje, mama. Naifungua niisafishe."

"Mayoo! Mwanamke na bisibisi. Utaihalibu, shauri yako."

Nikajifanya sijasikia. Nikaizima inavyozimwa, nikazima na swichi ya nyuma, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe. Nikalikumbatia boksi nikatoka nalo. Nilitaka kulifungulia kwenye kivuli cha banda la jiko, lakini mama alikuwa amebandika samaki wake wa sato pale, mkaa umeshika vizuri. Nikasimama. Kopo lina picha ya moto, na moto wenyewe huu hapa. Nikamwomba kwa adabu kama anaweza kusogeza jiko kidogo.

"Jiko langu nilisogeze kwa ajili ya kompyuta?"

Basi nikasogea mimi. Nyuma ya nyumba tuna jiwe kubwa tunaloanikia nguo, na saa zile upande mmoja una kivuli. Nikatandika shuka la zamani, nikaweka boksi, kopo nikaliweka kivulini kabisa, nikavaa barakoa, nikafungua skrubu.

Jamani.

Sijui nianzie wapi. Kulikuwa na vumbi la mtaa wetu, hilo nilitegemea. Kulikuwa na wale vidudu wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi na wakiona taa wanaingia kila tundu. Wamekufa humo kwa mamia, wamekauka. Na kulikuwa na nyuzi. Nyuzi laini nyeupe na za bluu, zimevutwa na feni siku zote hizo, zikawashika vidudu na vumbi pamoja, vyote vikawa kama blanketi. Blanketi lenyewe limelalia vyuma vyembamba vinavyoipoza mashine. Ingepumulia wapi? Ningekuwa mimi ningezima siku ya kwanza.

Nikashika kwanza chuma cha boksi ili umeme wa mwilini mwangu uishie pale, usije ukaruka kwenye vifaa. Kisha nikaanza. Kopo wima. Unabonyeza kidogo, unaachia. Unabonyeza, unaachia. Mkono uko mbali kiasi, haugusi kitu. Feni niliizuia na kijiti cha meno isizunguke, kwa sababu ukiiacha ikazungushwa na upepo wa kopo inaweza kuharibika, na unaweza kuiharibu hata bodi, lile bamba linaloshika vifaa vyote. Vidudu wakaruka, vumbi likaruka, upepo wa ziwa ukabeba vyote kuelekea kwenye migomba ya jirani. Nilianza kucheka peke yangu chini ya barakoa. Haki ya Mungu, nilijisikia vizuri.

Mama mkwe akaja na kigoda chake, akakaa mbali kidogo, mkono shavuni. Hakuja kusaidia. Alikuja kushuhudia msiba.

Nikaokota bonge la nyuzi, nikampelekea kwenye kiganja.

"Mama, hizi ni nyuzi zako."

"Zimefanyaje?"

"Zimeiziba. Gauni ndilo linaiua. Silirudishi tena."

Nimesema! Jamani, nilisema. Na maneno yalitoka yamenyooka. Mama akaziangalia zile nyuzi, akazigeuza kwa kidole, na uso wake sikuweza kuusoma. Nikajiandaa kutukanwa. Badala yake akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sasa unaihangaikia ya nini, na Jumatatu unarudi kwa Injinia?"

"Nani kasema?"

"Mume wako. Kaniambia jana. Kasema umekubali, na Injinia keshaambiwa. Hii kompyuta itabaki ya watoto kusomea."

Nilirudi kwenye jiwe. Nikachukua kopo nikaendelea kupuliza kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kushika kisichokuwa shingo ya mtu. Umekubali. Nani kakubali? Nimelala na mwanaume yule kitanda kimoja wiki nzima, anasikia nikigeuka na kugeuka, na tayari ameniuza?

Na hapo ndipo nilipokosea. Kwa hasira niliinamisha kopo nifikie kona ya chini, nikalipindua kabisa, nikabonyeza na sikuachia. Haikutoka hewa. Yakatoka maji meupe, baridi ya kutisha, yakaganda kwenye ukingo wa bodi kama barafu ndani ya friji. Nikaliachia kopo likabiringika kwenye shuka.

Ebo! Mambo yote niliyoyasoma dukani nimesimama, halafu nafanya hili moja walilolikataza kwa herufi nene.

Nilitaka kufuta. Nikajizuia. Ukifuta unaeneza, na yale maji yakikugusa ngozi yanakuunguza kwa baridi. Unayaacha yapotee yenyewe na unaomba Mungu. Nikakaa chini juu ya jiwe, nikavua barakoa, nikalia. Nililia kwa ajili ya bodi, nikalia kwa ajili ya Baba Kulwa, nikalia kwa sababu Injinia alikuwa ameshinda na hata hakuinuka kwenye kiti chake.

Mama mkwe akaniacha nilie mpaka nikapunguza.

"Kwani hukukubali?"

"Sikuulizwa, mama."

Akasonya, ule msonyo mrefu wa Kisukuma unaotoka tumboni, sijui alikuwa anamsonya nani. Kisha akasema, "Basi malizia. Usiiache imeachama hivyo."

Nikamalizia. Polepole, kopo wima, akili imetulia. Lilikuwa limepoa mno mkononi, kwa hiyo nilikuwa napuliza kidogo, nalipumzisha, napuliza tena. Ile barafu ikayeyuka na kukauka bila kuacha alama ninayoiona. Nikaacha boksi wazi kivulini hadi baada ya chakula cha mchana, ili kama kuna unyevu uliojificha uishe. Sato sikumla. Nilikuwa nikipita na kulichungulia boksi, narudi, nachungulia tena.

Halafu nikafunga skrubu, nikaipeleka mezani, nikachomeka waya. Liwalo na liwe. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya kile kile. Nyuma yangu namsikia mama mkwe anavuta pumzi, anajiandaa kuniambia alinionya. Nikafikiria Jumatatu, nimevaa sketi yangu ya ofisini, napanda zile ngazi, Injinia ananiangalia juu ya miwani. Hapana. Hapana, hapana. Nikaanza upya kama mtu mwenye akili zake: waya wa ukutani, upo. Waya wa nyuma, upo. Swichi ya nyuma.

Swichi ya nyuma nilikuwa nimeizima mwenyewe asubuhi.

Nikaiwasha. Nikabonyeza. Taa ikawaka, feni ikaanza kuzunguka, na nikalazimika kusogeza sikio ndipo niisikie. Niliruka! Mtu mzima, mama wa mapacha, niliruka pale sebuleni mpaka jagi likatikisika. Nikafungua ramani ya mwalimu, nikaiamuru itoe picha ya nyumba nzima, na kuta, na paa, na vivuli vyake, kazi ile ile iliyokuwa inaizima kila siku. Nikakunja mikono nikaitazama. Ikafanya mpaka mwisho. Nikairudisha nyuma nikaiamuru ifanye tena, kwa ubaya tu. Ikafanya.

Baba Kulwa alirudi kazini alasiri, akanikuta nimekaa naisubiri sauti ya viatu vyake. Sikumpa hata maji.

"Umemwambia nini Injinia?"

Alimtazama kwanza mama yake. Akavua kofia, akaiweka kwenye kochi, akaiokota tena. Akasema walikutana, Injinia akamuuliza, naye akaona nafasi isipotee. Akasema alikuwa ananisaidia. Aliniona ninavyoteseka na ile mashine, akaona atanipunguzia aibu ya kwenda kuomba mwenyewe.

Aibu! Kwa hiyo kuniuza ni huruma.

Sikupiga kelele, na hilo linanishangaza mpaka sasa. Nilimwambia hivi: ungeniambia unaogopa, ningekuelewa, kwa sababu hata mimi naogopa. Lakini umenisemea, na mimi mdomo ninao. Aliyejibu ni mama yake.

"Mimi uliniambia amekubali mwenyewe," akamwambia mwanawe. "Ulinidanganya mimi mama yako, kwenye nyumba hii hii, nikakaa namcheka mwenzio moyoni anasafisha kitu ambacho hana kazi nacho. Mpigie huyo Injinia."

"Hampigii yeye," nikasema. "Nampigia mimi."

Nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Injinia akapokea kwa furaha, "Karibu nyumbani, Mama Kulwa!" Nikamsalimia vizuri, sina ugomvi na salamu. Nikamwambia maneno aliyoletewa hayakutoka kwangu, na Jumatatu siji, wala Jumatatu nyingine. Akacheka kicheko chake kile. Akaniuliza kwa upole, upole wa kumsemesha mgonjwa, "Na hiyo mashine yako ikizima tena?"

"Nitaifungua tena."

Akaanza sentensi nyingine. Nikakata simu. Tangu nimfahamu, siku zote yeye ndiye hukata.

Sasa hivi Baba Kulwa yuko barazani na redio, na mimi simbembelezi. Tutaongea. Tutaongea sana, na hayatakuwa mazungumzo mafupi, lakini si leo. Mama mkwe ameingia kulala mapema. Kabla hajalala amepita mezani kwangu, akasimama akaangalia nyumba ya mwalimu kwenye kioo, akauliza jiko liko wapi. Nikamwonyesha. Akasema ni dogo, moshi utawasumbua. Nimeangalia tena na nakiri dirisha halitoshi, kwa hiyo nalipanua.

Kuna swali moja ambalo nimekuwa nalikwepa tangu alasiri, nikiosha vyombo, nikikunja shuka lililojaa mabawa ya vidudu. Ni rahisi kuwa shujaa mashine ikiwa inafanya kazi vizuri nyuma yako. Je, isingewaka, ningempigia Injinia simu ile?

Nimekaa nalo hapa muda mrefu, nimelijibu ndiyo, nimelijibu hapana, nikajiona mwongo kote kote. Halafu nimekumbuka ile saa nimesimama mezani, nimebonyeza mara mbili, kimya, sina hakika ya chochote. Wakati ule ndipo niliposema hapana. Kompyuta ilikuwa bado haijawaka.

Ningempigia. Halafu ningetafuta penseli, ramani ya mwalimu niimalizie kwa mkono.